Kelele za Kibandani Ni Nusu ya Filamu

Asanteni. Ninyi mliosimama kule nyuma sogeeni, viti vya mbele vipo.

Nimeombwa nizungumzie namna watazamaji wanavyozipokea filamu za bajeti ndogo. Wanaonifahamu wanajua nitakakoelekea, maana nimelisema darasani, nimelisema kwenye vikao vya wasanii, na nitaendelea kulisema: mtengenezaji ambaye hajakaa ukumbini na watu wanaoitazama kazi yake, kazi hiyo hajaimaliza. Amepiga picha, amehariri, amelipa madeni ya watu au bado anadaiwa, lakini hajaimaliza.

Mfano wangu ni jirani zetu wa Wakaliga, Kampala. Filamu yao ya mapigano, Who Killed Captain Alex?, yaani Nani Alimuua Kapteni Alex?, mmeiona karibu nyote, au mmeona vipande vyake kwenye simu, kwa hiyo sitaisimulia. Nabwana I.G.G. aliitengeneza mwaka 2010 kwa fedha ambazo kwa maelezo yake hazikufika dola 200. Silaha zilitoka mikononi mwa fundi wake, Dauda Bisaso, kwa vyuma chakavu na mbao. Damu ni rangi ya chakula iliyotiwa ndani ya kondomu. Helikopta haikuwepo, ilitengenezwa kwenye kompyuta ambayo Nabwana aliiunga mwenyewe.

Kila ninapoionyesha kwa wanafunzi, helikopta ile ikitokea watu wanacheka, na kijana mmoja lazima aniulize: "Mwalimu, sasa hawa si wanacheka ubovu?" Swali hili limenichosha, lakini nitalijibu tena kwa sababu ndilo linalotuharibia kazi.

Mtu anayecheka ubovu hucheka mara mbili tatu, kisha anashika simu yake. Ubovu hauna pumzi ya kumweka mtu kitini. Filamu ile ina zaidi ya saa moja, na watu wanaimaliza, wanairudia, wanamwita mwenzao aje aone sehemu fulani. Kuna kitu kinachowashikilia, na mhariri yeyote anayejiheshimu angetaka kukijua.

Chukueni jambo moja tu. Sote hapa tumekulia kwenye kanuni kwamba stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, ataangushwa mtoni, lakini hafi, na mtoto wa darasa la tatu atakubishia mpaka usiku ukimwambia anakufa. Nabwana anamchukua Kapteni Alex, anamtukuza, anamvika magwanda, halafu anamuua mapema, na hatuonyeshwi aliyemuua. Ndugu yake, Bruce U, anakuja kumtafuta muuaji. Filamu inakwisha hajapatikana! Jina lenyewe la filamu ni swali, na filamu hailijibu. Ukimwambia mfadhili wa huku kwetu kwamba unataka kufanya hivyo, atakurudishia mswada wako mlangoni. Lakini watazamaji hawakuandamana. Walilichukua lile swali wakaenda nalo nyumbani, na mpaka leo wanabishana. Mtu habishani miaka yote hiyo kuhusu kitu alichokiona kibovu tu.

La pili ni VJ, yule msimulizi anayeongea juu ya filamu wakati watu wanaitazama, na hapa naomba mnivumilie.

Nakala ya filamu ile iliyosambaa duniani ni yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Nakala safi isiyo na VJ haipo tena. Nabwana hakuwa na nafasi ya kuhifadhi, filamu inayofuata ilihitaji kompyuta ileile, na yeye hakuwa akifikiria kwamba kuna mtu wa nje ya mtaa wao atakuja kuitafuta. Kilichobaki kikiwa kizima ni filamu pamoja na mtu anayeitazama kwa sauti. Naomba mlitafakari jambo hilo. Mtazamaji amehifadhiwa ndani ya kazi, na kazi bila yeye imepotea.

Sasa mtaniambia VJ anaharibu filamu, kwamba anaongea juu ya maneno ya waigizaji. Jamani. Nani kati yenu hakumsikia Lufufu, msimulizi wetu wa filamu za nje? Nani hajakaa kwenye kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mtaani, akimsikiliza DJ Afro wa Kenya akimfanya jambazi wa Kihindi aongee kama kondakta wa matatu? Wazazi wetu hawakuzielewa filamu za Hong Kong kwa kusoma maandishi ya chini. Walizielewa kwa sababu kulikuwa na mtu. Nabwana mwenyewe utotoni alizijua filamu kwa kusimuliwa na kaka zake waliokwenda kuzitazama. Alipata masimulizi kwanza, picha zikaja baadaye. Kwa hiyo anapotengeneza filamu yenye nafasi ya msimulizi ndani yake, anajua anachokifanya.

Msikilizeni Emmie kwa makini, zimeni hata picha. Anatangulia tukio kwa nusu sekunde, kwa hiyo ukumbi unakuwa tayari mapigo yanapoanza. Sauti ya waigizaji ikizama, yeye anajaza. Mtu akitembea barabarani muda mrefu bila sababu, yeye anampa sababu. Mapigano yakipamba moto anapiga kelele za "muvi, muvi, muvi!" na hapo hafafanui chochote, anaongoza kitikio. Hiyo ni kazi ya uhariri inayofanywa kwa mdomo.

Na hili si geni kwetu. Kwenye taarabu, mama akiinuka kwenda kumtunza mwimbaji, hainuki popote tu. Anangoja ubeti unaomhusu, au unaomhusu jirani yake aliyekaa meza ya tatu, ndipo anainuka na noti yake juu. Mwimbaji akiona ubeti umemwinua mtu, anaurudia. Hakuna anayesema yule mama anaharibu wimbo. Lakini mama huyohuyo akisema neno mbele ya filamu, tunamwita mshamba. Kwa nini? Nani alitufundisha kwamba heshima ya filamu ni watu kukaa kama wako mochwari?

Niwape mfano wa karibu zaidi, na wale walioshausikia wanisamehe, ninaupenda.

Kijana mmoja niliyemfundisha alitengeneza filamu ya mjane. Bajeti yake ilikuwa mkopo wa shangazi na kamera ya kuazima. Mume amefariki, arobaini haijafika, shemeji wanakuja kung'oa mabati ya nyumba. Kijana alikuwa na fahari kubwa na tukio moja: mjane analia ndani, peke yake, dakika nne nzima, kamera haikatiki. Alilipigania tukio lile. Kulikuwa na tukio jingine, fupi, ambalo alitaka kulitupa: shemeji mkubwa amesimama uani anahesabu mabati yanaposhushwa. Moja. Mbili. Tatu. Aliniambia halina hisia.

Tukaipeleka kwenye kibanda kimoja Mbagala, mchana, kabla ya mechi. Mabenchi ya mbao, feni moja, televisheni imefungiwa kwenye wavu wa chuma isije ikaibwa. Kijana alikataa kuingia. Alikaa nje juu ya pikipiki ya mtu. Nikaingia mimi, nikakaa pembeni, ubavuni mwa televisheni, niwaone watu badala ya picha.

Mjane alipoanza kulia, kwa muda kidogo walimtazama. Kisha benchi la pili wakaanza habari za usajili wa wachezaji. Mmoja akatoka kununua karanga, akarudi, mjane bado analia. Hawakuwa wakatili. Walishaelewa kwamba amefiwa, na filamu haikuwa ikiwaambia jambo jipya.

Likaja la mabati. Shemeji akasema, "Moja." Bati likaanguka. "Mbili." Kufika la nne, kibanda kizima kilikuwa kinahesabu naye. Tano! Sita! Wanacheka, wanapiga mabenchi. Nyuma kuna mama mmoja, nadhani ndiye muuza maji wa pale, akapaza sauti: "Na mlango ubebe!" Watu wakaangua kicheko. Saba! Nane! Halafu picha ikahamia ndani ya nyumba, mjane kakaa juu ya kitanda na jua linampiga utosini, kwa sababu paa halipo. Nje sauti ya shemeji inaendelea: tisa. Hakuna aliyehesabu tisa. Walinyamaza wote kwa pamoja, na yule mama wa nyuma akasema neno moja kwa sauti ya chini, akasema, "Mabati yangu." Yangu! Hakusema mabati yake.

Nikatoka nje nikamwambia kijana: lile unalotaka kulitupa ndilo filamu yako. Walikuwa wamemsaidia mwizi kuhesabu kwa vinywa vyao, ndipo wakaona walichokuwa wakihesabu. Hakuna mwalimu, nikiwemo mimi, angeweza kumwonyesha hilo kwenye chumba cha uhariri. Kilio cha dakika nne tulikipunguza kikawa sekunde ishirini.

Najua mnataka kuniambia: basi ndiyo kuwatii watazamaji, tuwape wanachotaka, kila siku mapenzi na wachawi. Sikusema hivyo. Wale watu wa Mbagala hawakuomba chochote. Hakuna aliyesema ongeza mabati, punguza machozi. Ungewauliza mlangoni wangekwambia "ni nzuri, hongera," kama anavyosema kila mtu mwenye adabu. Jibu lao lilikuwa kwenye miili yao wakati filamu inaendelea: nani kageuka, nani kainuka, nani kanyamaza na kwenye dakika ya ngapi. Kusikiliza si kutii. Nabwana anawasikiliza watu wake kuliko sisi sote, na bado amekataa kuwaambia muuaji ni nani.

Tena yeye hakuwa na njia ya kuwakwepa. Waigizaji wake ndio waliouza DVD, nyumba kwa nyumba, ndani ya wiki ya kwanza kabla nakala za wizi hazijajaa mtaani, na walilipwa kwa sehemu ya mauzo hayo. Fikirieni: unagonga mlango, anafungua mtu aliyenunua filamu yako iliyopita. Atakwambia ukweli kabla ya kutoa shilingi yake. Sisi tunapandisha kazi mtandaoni usiku, asubuhi tunahesabu waliotazama. Tarakimu hiyo haikwambii walicheka wapi.

Naona naonyeshwa saa. Nilikuwa na mambo matatu zaidi, nitayapitia haraka.

La kwanza ni hii dola 200. Bei imekuwa maarufu kuliko filamu. Mtazamaji wa nje anaambiwa bei kabla ya kuona picha ya kwanza, na anakaa pale akitazama bei. Mimi bei hiyo hainifurahishi. Inamaanisha majirani walitoa siku zao, nguo zao, nyua zao, na watoto wao walikimbia mbele ya kamera bila mtu kuandika hesabu. Filamu ile iligharimu sana, ila waliolipa ni mtaa wa Wakaliga, na hawakulipa kwa dola. Msije mkajisifu kwa umaskini wa bajeti zenu mbele ya wafadhili. Watauzoea.

La pili, matamasha. Baada ya Alan Hofmanis, mtu wa filamu wa New York, kuona kionjo cha filamu ile na kufunga safari mpaka Wakaliga mwaka 2011, milango ilifunguka. Mwaka 2016 filamu yao nyingine, Bad Black, ikapata tuzo ya watazamaji kwenye Fantastic Fest kule Austin, Texas. Mwaka 2019 nyingine yao, Crazy World, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto, usiku wa manane, kwenye sehemu ya tamasha inayopenda watu wapige kelele. Mwaka 2022 wakawa Kassel, Ujerumani, kwenye documenta, maonyesho makubwa ya sanaa. Ninafurahi kwa ajili yao, kwa moyo wote. Lakini angalieni kilichosafiri. VJ alisafiri. Walichokipenda kule ni kukaa ndani ya ukumbi unaoitikia, jambo ambalo hapa tunawakataza watoto wetu.

La tatu lilihusu maoni ya mtandaoni na mashabiki wa kulipwa, na hilo ni refu, naliacha.

Badala yake niseme la kufanya. Walio na kazi ambazo hazijafungwa wabaki baada ya hapa, tuandikishane. Yule mwenye kibanda cha Mbagala amekubali kutupa saa nane mchana siku za katikati ya wiki, wakati hakuna mechi, kwa sharti kwamba watazamaji wasilipishwe na sisi tumlipie umeme. Kila kazi ioneshwe nzima, msilete vionjo. Njooni na daftari na saa, andikeni dakika na kilichotokea kwenye mabenchi, msiandike mnachofikiri. Kaeni ubavuni mwa televisheni, mkiwaelekea watu. Na hakuna kukaa nje juu ya pikipiki.

Haya, maswali. Dada wa kitambaa cha kijani, umenyoosha mkono tangu nilipomtaja Lufufu.