Baiskeli ya Nyumbani ni ya Nani?

Mhadhara uliotolewa Dodoma, Siku ya Baiskeli Duniani

Mbukwenyi!

(Ukumbi: Mbukwa!)

Mheshimiwa Diwani, wenyeviti wa mitaa, mama zangu wa vikoba, dada zangu, na ninyi vijana mnaosomea mipango miji mliojaa kule nyuma, asanteni kwa kuja. Leo ni tarehe 3 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2018 iwe Siku ya Baiskeli Duniani. Nimeombwa nizungumzie wanawake na baiskeli. Mimi si mhandisi. Ni muuguzi mkunga mstaafu, nimezunguka vijiji vya Bahi na Chamwino miaka mingi, kwa miguu kwanza na kwa baiskeli baadaye. Nitakayosema ama nimeyaona mwenyewe, ama nimeyasoma nikayalinganisha na niliyoyaona.

Naomba kila mwenye baiskeli nyumbani kwake anyooshe mkono. Haya, mikono ni mingi. Sasa ibaki mikono ya nyumba zile tu ambazo asubuhi ya leo mama angeichukua hiyo baiskeli akaondoka nayo bila kumwomba mtu.

Nahesabu minne.

Basi mhadhara wangu ni huo. Tukizungumzia usalama wa mwanamke kwenye baiskeli, watu wanakimbilia barabarani: malori, bodaboda, mashimo. Tutafika huko. Lakini mwanamke wa Nala au Hombolo hajafika barabarani bado. Amezuiwa mlangoni kwake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilipangiwa zahanati ya kijiji ambacho sitakitaja. Mradi mmoja ukatuletea baiskeli kwa ajili ya huduma ya mkoba, yaani kuwafuata watoto kwenye vitongoji na chanjo. Aliyekuwa akienda mkoba ni mimi. Baiskeli akakabidhiwa mwenzangu wa kiume. Nilipouliza nikaambiwa, "Sista, wewe umevaa gauni, utapandaje?" Nikaendelea kutembea na kasha la chanjo begani, jua la Bahi mnalijua, barafu inayeyuka ndani na mimi nahesabu saa. Kitongoji cha mbali kilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu. Jioni nikirudi naikuta ile baiskeli imeegeshwa nje ya kilabu cha pombe. Kuna watoto waliokosa chanjo mwezi ule kwa sababu sikuwafikia, na hilo sijalisahau mpaka leo.

Kuendesha nilifundishwa na mdogo wangu, usiku wa mbalamwezi, uwanja wa shule, ili watu wasione. Nilikuwa na miaka 27. Mdogo wangu alijifunza akiwa na miaka 8, mchana kweupe, huku baba akimshangilia.

Sasa tuiangalie baiskeli yenyewe. Ile nyeusi tuliyoizoea, Phoenix na ndugu zake, ina ringi za inchi 28 na bomba la juu linalotoka kwenye tandiko hadi kwenye usukani. Imetengenezwa kwa kipimo cha mwanamume mrefu. Mwanamke wa kimo cha kawaida akisimama nayo, miguu haigusi chini. Lazima aruke kushuka. Akiwa ameruka na dumu la lita 20 kwenye keria, hizo ni kilo 20 zinazomvuta upande mmoja, na mgongoni kuna mtoto kwenye mbeleko. Breki zake ni za vyuma, mkono mdogo unaukunja ule mshiko kwa shida. Halafu tunasema wanawake hawajui kusimamisha baiskeli.

Na dawa yake ni ya zamani. Baiskeli ya magurudumu mawili yanayolingana, yenye cheni ya kuzungusha gurudumu la nyuma, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1885 na John Kemp Starley. Haikuchukua miaka mingi mafundi wakaliinamisha lile bomba la juu ili mwenye sketi apande bila taabu, wakafunika cheni na kuweka wavu kwenye gurudumu la nyuma ili nguo isinaswe. Ndiyo tunayoiita baiskeli ya kike. Mwaka 1896 Susan B. Anthony, aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura kule Marekani, alisema baiskeli imewakomboa wanawake kuliko kitu kingine chochote duniani. Miaka zaidi ya 120 imepita, na hapa kwetu ukienda dukani kuulizia baiskeli ya kike unapewa ya rangi ya pinki, ya mtoto.

Kuna uvumi mmoja lazima niuseme waziwazi, kwa sababu umewanyima mabinti wengi elimu. Kwamba msichana akipanda baiskeli anaharibika usichana wake. Nimezalisha wanawake kwa miaka mingi na nawaambia kama mkunga: kizinda hutofautiana tangu kuzaliwa, wengine hawana kabisa, na hakuna mtu, awe daktari awe bibi, anayeweza kukitazama akajua nani amelala na mwanamume na nani hajalala. Baiskeli haimwondolei mtu ubikira. Baba zangu, mkilisikia hilo kijiweni likateni palepale.

Turudi kwenye safari. Wanangu wa mipango miji, andikeni hapa. Mwanamume anayetoka Nzuguni kwenda kazini mjini ana safari moja iliyonyooka: anakwenda asubuhi, anarudi jioni. Mke wake anatoka na mtoto, anamwacha kwa bibi, anapita mashine kuacha mahindi, anakwenda sokoni, anarudi mashine kuchukua unga, anampitia mtoto, na njiani anamwona mgonjwa. Safari sita fupifupi, zenye mizigo, nyingi kwenye vichochoro na kando ya makorongo. Barabara zetu zinachorwa kwa kumfuata yule wa kwanza. Huyu wa pili hata mkimhesabu barabarani hamumpati, maana hapiti kwenye lami mnakokaa na karatasi zenu. Hamumhesabu, basi hamumjengei.

Na kwenye vichochoro hivyo adui wa kwanza ni mbigili. Mnacheka, lakini mimi nazungumza kwa uchungu. Mbigili unatambaa chini, una tunda dogo la pembe kali, kiangazi linakauka na kusambaa njia nzima. Tairi linaokota matatu, manne kwa mpigo. Mwanamume akipata pancha anaisukuma baiskeli hadi kwa fundi chini ya mti, anakaa, anapiga soga. Msichana wa darasa la saba akipata pancha saa kumi na mbili jioni yuko peke yake porini. Na kwa fundi kuna wanaume kumi wamekaa kwenye mabenchi, kila mmoja ana neno la kusema. Nimewafundisha mabinti kuziba pancha wenyewe: unatoa tyubu, unaijaza upepo, unaizungusha kwenye beseni la maji mpaka uone mapovu, unakwangua kwa msasa, gundi, kiraka, unangoja. Na kabla ya kurudisha tyubu unapitisha kidole taratibu ndani ya tairi kuutafuta mwiba. Usipoutoa, utaziba tena kesho.

Hayo maneno ya kijiweni nayo tusiyachukulie kama mzaha. Mwanamke kwenye baiskeli anapigiwa miluzi, anaulizwa mambo ya aibu, wengine wanamgusa akiwa anapita na bodaboda. Ukiguswa ukiwa na magurudumu mawili, unaanguka. Kwa hiyo usumbufu huo ni ajali inayosubiri kutokea, hauishii kwenye kuudhi tu. Na ni kosa la jinai. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliingiza kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 138D kinachohusu unyanyasaji wa kijinsia, na kinagusa hata maneno na vitendo, si kushika peke yake. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi kwa mambo kama hayo. Nendeni wawili au watatu, msiende mmoja.

Sasa malori. Njia yetu hii ndiyo inayopeleka mizigo ya bandari ya Dar es Salaam Rwanda, Burundi na Kongo. Mimi lilinipata karibu na Ihumwa. Nilikuwa na ndoo ya nyanya kwenye keria, nimejibana pembeni kabisa kama nilivyofundishwa. Lori likapita. Upepo wake kwanza ukanivuta kwenda kwake, halafu ukanisukuma nje, na ukingo wa lami pale ulikuwa umelika, unashuka kina cha kiganja. Gurudumu la mbele likadumbukia. Hili kovu la goti ni la siku hiyo. Nyanya zilitapakaa njia nzima, dereva hakusimama.

Nilijiuliza sana kama kujibana kulinisaidia. Baadaye nikasoma kwamba London mwaka 2009 walikufa waendesha baiskeli 13, na 10 kati yao walikuwa wanawake, wakati wanaume ndio wengi barabarani. Nane kati ya wanawake hao waliuawa na malori. Maelezo mojawapo yaliyotolewa ni kwamba wanawake hutii zaidi: wanasimama pembeni, kushoto, ubavuni mwa lori, mahali ambapo dereva hawaoni. Kule London wanapita kushoto kama sisi, dereva anakaa kulia kama huku. Kwa hiyo nawaombeni, msisimame kushoto kwa lori kwenye taa au kwenye mzunguko. Kaeni nyuma yake, au mbele kabisa anapowaona.

Kuna atakayeniambia, lakini mama, wanaume ndio wanaokufa zaidi. Ni kweli. Duniani, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, wanaume hufa kwa ajali za barabarani takriban mara tatu kuliko wanawake. Nimewafunga vidonda vijana wengi, silipuuzi hilo. Lakini mwanamke ambaye hajagongwa kwa sababu amekatazwa kutoka, huyo hatuwezi kumhesabu kuwa salama. Uholanzi na Denmark wanawake wanaendesha sawa na wanaume au kuwazidi, na huko njia za baiskeli zimetengwa na magari. Uingereza, ambako mara nyingi baiskeli huchanganyika na magari, wanaume wanawaacha wanawake mbali. Wanawake wa Uingereza si waoga kuliko wa Uholanzi. Wamepewa barabara tofauti.

Na baiskeli ikimfikia msichana, kinachotokea kimepimwa. Jimbo la Bihar, India, lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wanaoingia sekondari fedha za kununua baiskeli. Watafiti Muralidharan na Prakash walikuta uandikishaji wa wasichana umepanda kwa karibu theluthi moja, na pengo kati yao na wavulana limepungua kwa asilimia 40. Zambia, jirani zetu, wasichana wa vijijini waliokuwa wakitembea zaidi ya kilomita 3 kwenda shule walipewa baiskeli, utoro ukapungua kwa zaidi ya robo, na usumbufu wa njiani nao ukapungua. Hilo la mwisho lilinigusa zaidi. Anayetembea anasimamishwa kirahisi. Aliye kwenye baiskeli ameshapita.

Dodoma tungeweza kuwa mfano. Mji uko juu ya tambarare, ukiacha vilima vya mawe na ule mwinuko wa Chuo Kikuu. Serikali ilipoamua mwaka 1973 kuhamia hapa, mpango mkuu wa 1976, uliochorwa na Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, uliwaza mji wa kwenda kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi kwanza, gari baadaye. Michoro ya baiskeli ilikuwepo kabla wengi wenu hamjazaliwa! Mheshimiwa Diwani, sikuombi jambo geni. Naomba njia pana kidogo, iliyotengwa kwa ukingo wa zege, kutoka Nzuguni hadi sokoni, na taa kwenye vivuko vya makorongo. Mkianza na hivyo viwili tutashukuru.

Na nyumbani? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 56, inampa mke haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Kwa hiyo, mama zangu wa vikoba, mkikopeshana fedha za baiskeli, risiti iandikwe jina la mama, na iwekwe kwenye sanduku lake. Siyo ugomvi na baba. Baba akiihitaji ataomba, kama mama alivyokuwa akiomba, na atapewa.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunakutana uwanja wa shule ya msingi hapo nyuma, kabla ya jua na kabla ya watazamaji. Baiskeli ziko tatu, zote za kike. Mje na suruali au sketi pana. Tutaanza kwa kuokota mbigili.

Naona mama mmoja amenyoosha mkono. Karibu, mama. Anauliza, ana miaka 56, hajawahi kupanda, je, amechelewa? Mama, hebu simama nikuone kimo. Sawa. Tandiko nitalishusha mpaka miguu yote miwili ikanyage chini.