Tazama Kijiti Kabla Hujailaumu Lenzi

(Mhadhara kwa wapiga picha na waongoza wageni, Malindi)

Masalkheri, jamaa zangu. Naona humu nyuso zilizokwisha kunisikia na mnajua nitakachosema. Mtakisikia tena: pandisheni ISO, ile namba ya wepesi wa kamera kupokea mwanga.

Narudia kwa sababu kila nikiingia msitu wa Arabuko-Sokoke sikosi kumkuta mtu kivulini anapiga ndege mdogo kwa ISO 400, lenzi shingoni bei yake pikipiki nzima, na akitoka analalamika ati lenzi haishiki. Tabia hiyo mmeitoa Sabaki. Pale mto unapoingia baharini, saa tatu asubuhi, flamingo wamesimama kweupe, ISO 400 yatosha na kubaki. Hori ya Mida vilevile. Lakini msitu una kilomita 420 za mraba, na sehemu kubwa ya hizo jua linafika chini vipandevipande.

Kuna kijana mmoja wa hapahapa mjini aliniletea picha kwenye laptopu, amenuna. Alikuwa amempata akalati wa pwani, yule mdogo wa jamii ya kurumbiza, kifua rangi ya chungwa, anayependa vijiti vya chini kwenye msitu mzito. Anatulia, anatikisa mbawa, anashuka kudaka mdudu kwenye majani makavu, anarudi. Kumpata tu ni bahati. Kwenye picha kichwa chake kilikuwa kama kimefinyangwa kwa pamba. Kijana anataka kuuza lenzi.

Nikamwambia, mwanangu, wachana na kichwa, tazama kijiti. Tukakuza. Gome lilikuwa wazi, unahesabu nyufa. Tukasogea kwenye miguu: kucha zimeshika gome, kila moja na ncha yake. Nikamuuliza, lenzi mbovu imewezaje kuona kucha isione jicho? Akanyamaza. Ndege alikuwa amegeuza kichwa, na shata, kile kipazia cha kamera, ilifunguka 1/60 ya sekunde. Lenzi haina kosa hata chembe!

Kwa hiyo kabla hujalaumu kitu, soma kijiti. Kijiti safi na ndege amevurugika: ndege alisogea, ongeza kasi ya shata. Kila kitu kimevutika kuelekea upande mmoja: ni mkono wako. Jani la nyuma ya ndege liko wazi na yeye mwenyewe hayuko wazi: umelenga pasipo. Magonjwa matatu, na nyote mnayatibu kwa dawa moja, kununua lenzi.

Hesabu ya yule kijana ilikuwa hivi. Tundu la kuingizia mwanga kwenye lenzi yake linafunguka mwisho f/5.6, haliendi zaidi. ISO 400 ilimpa 1/60. Angeweka 1600 angepata 1/250, 3200 ingempa 1/500, na kwa 1/500 kichwa kinachogeuka unakinasa mara nyingi. Mwanga uleule, mti uleule, ndege yuleyule, bila kutoa shilingi.

Sasa namwona Bwana pale nyuma anatikisa kichwa: chenga, zile punjepunje kwenye picha! Ndiyo, ISO 3200 inaleta chenga. Programu za siku hizi zinazipunguza, na ukichapisha picha ukubwa wa daftari utazitafuta kwa tochi. Programu ya kurudisha jicho ambalo kamera haikuliona wazi, nionyesheni. Tena wale mnaoacha picha iwe giza makusudi, ati mtaiangaza kwenye kompyuta, mkivuta vile vivuli chenga zinatoka nyingi kuliko zile mlizozikimbia.

"Lenzi yangu inazuia mtikisiko." Inazuia mtikisiko wako wewe. Ndege haimjui.

"Mbona bundi nilimpiga 1/30 na akatoka safi?" Swali hili haliniishii. Bundi mdogo wa Sokoke, huyu aliyeandikwa na wataalamu mwaka 1966, mchana amelala kwenye kichaka cha udongo mwekundu. Ni kiumbe wa sentimita kumi na sita hivi na hana haja na wewe. Ukiwa na stendi, hata polepole zaidi ya hapo utampata. Usimfanye bundi aliyelala kipimo cha ndege anayekula. Na flashi usimwashie! Amekaa pale kwa sababu ni giza, na mwongozaji aliyekufikisha atahitaji kumkuta palepale wiki ijayo.

Kwenye miti ya mirihi, ile ya mchanga mweupe, mwanga ni afadhali, lakini chozi wa Amani yuko juu kabisa na nyuma yake ni mbingu. Kamera itaona mbingu na kumfanya ndege mweusi. Ongeza mwanga hatua moja, hata moja na nusu. Siku ya mawingu msikae nyumbani, ndiyo siku yenu: yale madoa ya jua yanaondoka. Kucheza sauti za ndege kwenye simu nilitaka kuwaelezea kwa kirefu, msicheze, basi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Sehemu ya kompyuta nimeiruka, na swali la lenzi ipi mnunue silijibu leo wala kesho. Wanaokuja Jumamosi, tukutane lango la Gede saa kumi na mbili unusu asubuhi, nguo za kijani au kahawia. Kanzu nyeupe ziacheni za Ijumaa. Atakayekuja nayo atalinda gari.