Mafiga Matatu, Mchanga Mmoja

Rehema: Haya jamani, tumeshakaa, kahawa ipo. Jana Kassim kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika 7, analalamika tu. Nikamwambia hayo yaweke, uje uyaseme kipindini.

Kassim: Nami nimekuja nayo. Kikundi chetu cha ngoma kiliomba ruzuku, tukapata, alhamdulillahi. Pesa ya semina imo. Fulana zenye nembo zimo. Posho ya mwezeshaji imo. Umeme wa ukumbi haumo! Bwana yule katufundisha "uendelevu" gizani, Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, imekwisha tokea asubuhi.

Rehema: (anacheka) Mfadhili analipa mradi, halipi kodi ya chumba. Mradi una siku ya kuisha, mwenye nyumba hana.

Kassim: Na sasa hata hizo za semina zinakauka. Kila ukigonga mlango unaambiwa hali ngumu.

Rehema: Hapo ndipo ninapopataka. Unaikumbuka Sauti za Busara ya 2016, tamasha letu la muziki hapa Zanzibar?

Kassim: Haikufanyika.

Rehema: Naam. Tamasha lililoanza 2004, Ngome Kongwe inajaa mpaka huoni pa kuweka mguu, mwaka ule likakosa pesa, likalala. Likarudi Februari 2017. Na 2016 dunia wala haikuwa imeanguka, Kassim. Ndiyo maana nasema tatizo liko kwenye mafiga.

Kassim: Mafiga gani tena?

Rehema: Chungu cha tamasha kina mafiga matatu: tiketi, wadhamini, wafadhili wa nje. Ukiyatazama kwa mbali unasema kimekaa vizuri. Sasa inama uangalie. Tiketi ya bei kubwa ananunua nani? Mgeni, maana sisi wenyeji bei yetu iko chini, na ni haki iwe chini. Mdhamini nani? Mara nyingi hoteli, nayo inaishi kwa mgeni yule yule. Na ubalozi unaotoa ruzuku ni wa nchi anakotoka mgeni. Mafiga matatu, mchanga mmoja.

Kassim: Ukilainika mchanga...

Rehema: Tuliona korona. 2019 watalii waliingia Zanzibar zaidi ya nusu milioni, 2020 wakabaki kama nusu yao. Busara ya 2021 ikafanyika siku mbili badala ya nne. Mimi nawavulia kofia kwa kuifanya. Wengine hawakufanya kabisa.

Kassim: Lakini kuna waliodumu bila balozi yeyote. Ikhwani Safaa, wale wa taarabu, wapo tangu 1905! Wamepita vita viwili vya dunia, wamepita bei ya karafuu ilipoporomoka miaka ya 1930, wamepita Mapinduzi. Kile ni chama, kina wanachama, na kina arusi za kupiga.

Rehema: Na kina kutunza.

Kassim: Ee! Umemwona mama wa Kizanzibari akienda kutunza? Haendi mbio. Anangoja ule ubeti wake, ule unaomkuna jirani. Anainuka, noti ya elfu kumi ameikunja kwa vidole viwili, anayumba nayo juu mpaka mbele, anazunguka mara moja ili aliyekusudiwa aone vizuri, ndiyo anamkabidhi mwimbaji. Huyo mama hajazi fomu, wala haulizi viashiria.

Rehema: Tamu, lakini hainitoshi. Ile noti inamlipa mwimbaji wa leo. Mtoto anayejifunza ganuni nani amtunze? Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, zikikatika hazipatikani sokoni Darajani. Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kinafundisha tangu 2002, ada ndogo makusudi ili watoto wa hapa wamudu. Mwaka 2019 kilikaribia kufungwa, wafadhili walikuwa wamepungua. Na korona ilikuwa bado.

Kassim: Bara wana Mfuko wa Utamaduni na Sanaa.

Rehema: Unatoa mikopo. Mwenye kuuza muziki wake atarejesha. Kikundi cha ngoma ya msewe kitarejesha na nini, njuga?

Kassim: (anacheka) Basi tufanyeje?

Rehema: Mimi ningeanza kwa kutenganisha. Pesa ya mgeni ifanye makubwa: jukwaa, safari, ala mpya. Lakini umeme, kodi na mwalimu vitoke mifukoni mwetu, hata kwa shilingi elfu mbili mbili. Balozi akiondoka, mazoezi yasisimame. Nyinyi wanachama wangapi?

Kassim: Thelathini na nne.

Rehema: Elfu mbili kila mmoja, hiyo ni elfu sitini na nane kwa mwezi. Umeme umo, na chenji juu.

Kassim: Hilo daftari tunalo, Rehema. Tulilianzisha mwaka juzi.

Rehema: Likawaje?

Kassim: Wanaolipa ni kumi na mmoja.

Rehema: Na wewe umo?

Kassim: Tuendelee na ujumbe wa wasikilizaji.