Vernia Kwanza, Kompyuta Baadaye

Wakubwa zangu walimu na mafundi mliotoka Unga Limited, Arusha, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo.

Roboti nyingi za mashindano huharibikia kwenye kompyuta, pale mchoraji anapoandika kipimo alichotajiwa dukani. Chukueni paipu ya mraba inayouzwa kama milimita 40 kwa 40, muibane kwa vernia, kile kipimo chenye taya mbili. Mara nyingi mtasoma 38, maana asili yake ni inchi moja na nusu. Ule unene unaoitwa 1.5 mnaweza kuukuta 1.2. Kibano cha mota kilichochorwa kwa 40 kitacheza, mnyororo utalegea, na utaanza kuruka meno roboti ikigeuka. Kwa hiyo nunueni chuma kwanza. Pimeni kila paipu sehemu tatu, kisha kipimo hicho kikae mahali pamoja ndani ya modeli, yaani mchoro wa roboti kwenye kompyuta, kwenye jedwali la vipimo, na sehemu zote zikisome kutoka hapo. Paipu ikibadilika, mnabadilisha namba moja tu.

Kosa la pili ni kuacha bolti nje ya modeli, na hili linaniuma kwa sababu linaangusha timu zenye kazi nzuri. FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, inataka roboti ianze ndani ya boksi la inchi 18 kila upande, yaani milimita 457. Timu inachora fremu ya 450 na kujiona imebakiza nafasi. Sasa wekeni bolti za M5, yaani za kipenyo cha milimita 5, zenye vichwa vya pembe sita pande mbili: kila kichwa milimita 3.5, washa milimita 1. Jumla ni 459. Mmeshatoka nje ya boksi kabla ya kufunga hata waya mmoja! Choreni bolti, washa, nati, na nafasi ya spana kuingia na kuzunguka.

Kabla faili haijaenda kwa fundi wa kukata, ichapeni kwenye karatasi kwa ukubwa halisi na mpime juu yake. Faili ikisomwa kwa inchi badala ya milimita, kila kitu kinakua mara 25.4. Matundu ya bolti msiyakate kwa plazma, ile mashine ya kukata chuma kwa mwale wa moto wa umeme, kwani hutoka na upana usiolingana juu na chini. Wekeni alama kwa senta panchi, kile chuma chenye ncha cha kugongea alama, toboeni kwa biti ya 5.5 kwa M5.

Printa ya 3D nayo hutoa matundu madogo kuliko yaliyochorwa. Beringi ya 608 ina kipenyo cha nje cha milimita 22. Anzeni na tundu la 22.2, lakini chapeni kwanza pete ya kujaribia yenye kimo cha milimita 5. Na vipande vya PLA, plastiki ya kuchapia, msiviache ndani ya gari lililoegeshwa juani: vinalainika kwenye nyuzi 60 hivi.

Wakati wa kuunganisha fremu ya 450 kwa 450, bolti zikiwa bado zimelegea, pimeni ulalo kutoka pembe hadi pembe, mara mbili kwa kupishana. Vipimo vyote viwili visome 636. Kisha ilazeni juu ya kioo kinene. Pembe ikiinuka, gurudumu la hapo halitakanyaga sakafu. Legezeni bolti zote, bonyezeni fremu ilale sawasawa, mkaze kwa kupishana pembe. Nyundo iacheni kwenye boksi la vifaa.