Hiyo pinki mnayoiruka kwenye slaidi ya titi

Haya, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Hiki ni kipande cha titi zima halina ugonjwa, tumekikata unene wa maikroni 4 hivi tukakipaka rangi zetu za kila siku, hematoksilini na eosini, ndo maana viini vya seli ni zambarau na kwingine kote pinki. Najua macho yenu yameshakimbilia zambarau, vifereji vya maziwa na vishada vyake, vile vijifuko vinavyotengeneza maziwa. Leo nataka pinki.

Ziko mbili, angalieni vizuri. Ile ya kati ya kishada na kishada imekoza, nyuzi nene za kolajeni, ile protini inayoshikilia mwili, zimebanana kama kamba ya katani, seli za kuhesabu, na hayo matundu meupe ni mafuta, yaliyeyuka tulipokuwa tunaandaa kipande, msije mkaniandikia hewa kwenye mtihani. Sasa ingia ndani ya kishada, pinki imepauka, nyuzi laini zimeachiana kama sufi ya mto, seli kibao, kuna faibroblasti zinazotengeneza hizo nyuzi, kuna limfositi za ulinzi. Hiyo sufi inasikia homoni bwana! Kabla ya hedhi inavuta maji, titi linajaa linauma, wakati katani wala haina habari. Mimba ikiingia vishada vinatanuka mpaka sufi inabaki utepe mwembamba.

Kile kiuvimbe kinachoteleza ukikigusa, faibroadenoma, mabinti wanakipata sana, kinaanzia humohumo kwenye sufi. Katani nayo ina yake, imejikusanya ikawa mikanda ya kushikilia titi kwenye ngozi, tunaiita ligamenti za Cooper, yule daktari mpasuaji wa Uingereza, Astley Cooper, alitoa kitabu cha anatomia ya titi 1840. Saratani ikiivuta mikanda hiyo ngozi inabonyea, na njia za limfu, vile vijia vinavyoondoa maji kwenye nyama za mwili, zikiziba ngozi inavimba ila pale iliposhikwa haiinuki, unaona vishimo kama ganda la chungwa, mtu akikuonyesha hivyo usimwambie arudi wiki ijayo.

Swali? Dada wa mbele. Eeh, umri unabadilisha sana, hedhi ikikoma vishada vinasinyaa, sufi inakakamaa inafanana na katani, mafuta yanachukua nafasi. Na kwenye mammogramu, eksirei ya titi, kolajeni ni nyeupe, uvimbe nao mweupe, mafuta meusi, kwa hiyo picha ya mama wa miaka 65 mara nyingi inasomeka kirahisi kuliko ya bintiye, binti mara nyingi tunamwanzishia ultrasaundi. Slaidi inayofuata ni ya mama wa umri huo, hebu niambieni vishada viko wapi.