Mwangwi Huu ni wa Nani?

Waheshimiwa wageni, walimu wenzangu na vijana mliojaa ukumbi huu, nimeombwa nieleze kazi ya kuhesabu samaki kwa sauti, nami nitaanzia Ziwa Victoria, ambako ndiko nilikojifunzia.

Ekosaunda, yaani kifaa cha kupimia kwa mwangwi, hufungwa chini ya meli na kutuma mlio mfupi ambao sikio la mwanadamu haliusikii, mara nyingi wa kilohezi 70 au 120. Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, hivyo mwangwi wa samaki aliye kina cha mita 30 huturudia baada ya sekunde 0.04, kwenda na kurudi. Kinachourudisha zaidi si nyama wala mifupa, bali kibofu cha hewa kilichomo tumboni, kwa kuwa nyama ya samaki haitofautiani sana na maji, ilhali hewa ni kitu kingine kabisa.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa kuwa si samaki peke yao wanaorudisha mwangwi. Mwaka 1942, wanasayansi wa Marekani waliokuwa wakitafuta mbinu za kugundua nyambizi karibu na California walikuta tabaka lililorudisha sauti mahali ambapo hapakuwa na sakafu ya bahari. Mwaka 1945 mwanabiolojia wa bahari Martin Johnson alionyesha kwamba tabaka hilo hupanda jioni na kushuka alfajiri. Lilikuwa tabaka la viumbe hai.

Nami nilikutana na tabaka la namna hiyo usiku mmoja, nikiwa bado mgeni wa kazi. Skrini ilijaa rangi, nikaandika kwa furaha kwamba tumekuta dagaa wengi. Tuliposhusha wavu wa matundu madogo sana, ulirudi na viluwiluwi vya Chaoborus, wale ambao baadaye huwa mainzi wanaopanda juu ya ziwa kama moshi. Nilikiweka kimoja kwenye kiganja: kilikuwa kiangavu kama kioo, urefu wa sentimita moja hivi, na ndani yake vifuko vya hewa viking'aa mbele na nyuma. Vifuko hivyo vidogo ndivyo vilivyonidanganya, na tangu siku hiyo sijaandika jina la samaki kabla ya kuona kilichomo wavuni.

Kabla ya kila safari tunaning'iniza gololi ya tungsteni karbaidi, mchanganyiko mgumu sana wa metali, chini ya kifaa, kwa nyuzi tatu, kwa sababu mwangwi wake unajulikana kwa hesabu, nasi hupima vingine vyote kwa huo. Ni kazi ya saa nyingi, na anayeiruka hana haki ya kutaja tani za samaki.

Hata hivyo, kifaa kinachotazama chini hakisikii mita chache za juu, ambamo dagaa hupanda usiku kuifuata taa ya mvuvi. Kwa hiyo nimekuwa nikisisitiza kifaa cha pili kielekezwe pembeni, kwani samaki wanaolisha kaya nyingi za kandokando ya ziwa ndio tunaoelekea kuwahesabu pungufu.