Maneno ya mteja kwa mama zetu wapika mbege

Shikamooni wazee wangu, na mama zangu, kwa salamu yetu ya Kichagga, shimboni. Nashukuru sana kwa hii nafasi, manake siku zote kikao kama hiki mnamwita bwana afya au mtu wa leseni, mteja haitwi, mteja anasubiriwa tu jioni aje na hela yake. Leo naongea kama mteja. Nimeanza kunywa mbege, hii pombe yetu ya ndizi na ulezi, kilabuni nikiwa kijana, hapa hapa mlimani Kilimanjaro, na mpaka saivi nikitoka shamba ndo napopitia kabla sijafika nyumbani.

Watu wanasema tunakuja kwa sababu ya bei chee. Ni kweli, hela ya chupa moja ya bia kule barabarani hapa nakunywa lita mbili na mwenzangu namnunulia, lakini bei inakuleta siku ya kwanza tu. Mimi ntawaambia kilichonishika. Kuna masika moja, mvua ya wiki nzima, mzee mmoja wa hapa jirani anaishi mwenyewe hajaonekana kwenye benchi lake, siku ya kwanza tukasema mvua, siku ya pili mama aliyekuwa na zamu ya kuuza akaweka jagi chini akasema huyu mzee jana hajaja na leo hajaja, nendeni mkamwangalie, mimi simimini tena mpaka mrudi. Tukaenda watatu. Tukamkuta kitandani anatetemeka kwa homa, hajala, moto umezimika, tukambeba mpaka zahanati usiku ule ule. Mzee alipona. Sasa niambieni, ni baa gani ya mjini wanajua kiti fulani kina siku mbili hakijakaliwa?

Ndo maana nikisikia wageni wanaotoka mjini wanasema kilabu ni sehemu ya walevi huwa naumia. Hapa watu wamesameheana. Nimeona ndugu wawili hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, mmoja akaja na jani la sale, lile la kuombea msamaha, mkononi na mbege akaweka mbele ya wazee, na kesi iliyoshindikana huko kwa viongozi ikaisha.

Haya, sasa mbege yenyewe. Mama zangu, msidhani mteja hajui. Mteja anajua. Anajua ndizi zimechemshwa mpaka zikawa nyekundu au zimebabuliwa tu, anajua umezipa siku zake za kuchachuka au umeharakisha, anajua ulezi uliota vizuri ukakauka ukasagwa, na anajua msesewa, yale magome ya kutia uchungu, ukizidi, ule uchungu unakaa kwenye koo mpaka kesho yake. Hii kazi ni ya wiki nzima, kuni, maji ya kubeba kichwani, moshi kwenye macho, mimi nimelelewa na mama aliyesomesha watoto kwa hiyo kazi kwa hiyo siongei kwa dharau hata kidogo. Naongea manake nimeona inavyoharibika.

Watu wa pwani walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wao walisema kwa mnazi, ila kwa mbege ni hivohivo kabisa. Kulikuwa na mama, jina silitaji na kijiji sikitaji, mbege yake ilikuwa nzito mpaka ulezi unabaki kwenye mdomo, unapuliza makapi pembeni ndo unakunywa, ukinywa lita moja hata chakula cha jioni hukumbuki. Watu wakaanza kutoka mpaka kata ya pili. Ikafika Desemba, si mnajua Desemba ya kwetu, ndugu zetu wote wamerudi kutoka Dar na Arusha na Nairobi na kila mtu ana hela, akaona ndizi hazitatosha akaanza kuongeza sukari na maji. Wale wa Desemba hawakujua, wao walifurahia tu kuwa nyumbani. Sisi tulijua, tumbo lilitwambia usiku. Januari wale wa Dar wameondoka na wa kwake hawakurudi. Mpaka leo naionea huruma ile mbege, manake ilikuwa mbege haswa.

Na kile kitendo cha muuzaji kuonja kwanza mbele ya mteja, mbona mnakiacha? Zamani mama anachota kwenye kata, kile kibuyu cha kunywea, anakunywa yeye funda moja, ndo anampa mkubwa aliyekaa pale, halafu inazunguka. Ile ni heshima na ni ulinzi pia, inamwambia mteja nilichokupa nakinywa na mimi. Rudisheni. Kata ya kuzunguka sasa hiyo ni habari nyingine, ilipokuja korona 2020 wengi tulizoea kuja na kikombe chetu na mimi naona tubaki hivo hivo, kuonja kwa muuzaji kubaki na kila mtu awe na chake, manake lile beseni moja la kusuuzia vyombo kuanzia saa tisa mpaka usiku, jamani, maji yake yanakuwa rangi ya mbege.

Kuhusu kipimo sina maneno mengi. Povu sio mbege. Mimina, subiri litulie, jazia.

Lingine ni gongo, ile pombe kali ya kukeneka. Serikali ilipopiga marufuku viroba, ile pombe kali ya kwenye vipakiti, Machi 2017, vijana waliokuwa wanavinyonya wengi wakahamia kwetu, na kwao mbege ilikuwa kama uji tu, wakawa wanatafuta kitu cha kuchanganyia, na kuna mtu huwa anakaa kule nyuma ya migomba na chupa yake. Mnamjua. Mkinyamaza, polisi wakija watabeba na mapipa yenu na nyie hamkupika gongo.

La mwisho ndo lililonileta hasa. Choo. Sisi wanaume tunaishia kwenye migomba, aibu yetu, lakini hawa dada na mama wanaotoka sokoni na mizigo, wanataka wakae wapumzike na nusu lita yao kama mtu mwingine yeyote, wanaenda wapi? Choo kipo hakina mlango, kimefungwa gunia. Nimemwona mama wa makamo akinywa amesimama haraka haraka akaondoka, sio kwamba ana haraka, anaogopa kubanwa. Hela yake ni ile ile kama yangu. Unafuu wa bei usifanye mtu auziwe bila staha.

Sisi wa benchi la mbele tumeshaongea, mbao za mlango zipo, bawaba tumechanga, fundi anakunywa hapa hapa na hataki hela. Tunachoomba nyie wenye zamu mkubaliane siku gani mfunge mapema, tuje tuuweke kabla giza halijaingia.